Pa Kukaa

Dada yangu hunyoosha nguo za watu. Ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na miwili sasa, katika duka la dobi lililobanwa kati ya muuza viatu na kinyozi, na wateja wamemwita Mama Nyoosha mpaka wengine wanadhani ndilo jina alilozaliwa nalo. Mimi ni mdogo wake, namwita Dada. Nikikasirika namwita Nyoosha mkavu, bila Mama. Shati likipita mikononi mwake halibaki na kunyanzi hata moja, na suruali hutoka na mstari ambao ungeweza kuukatia mkate. Kasoro yake ni kwamba anaamini kila kitu duniani kitanyooka ukikipa joto na ukikikandamiza vya kutosha, wakiwemo watu.

Nataka kueleza habari za bafu lake. Anayetafuta habari za wakubwa akazitafute kwingine; hapa ni siki, saruji na mswaki.

Amepanga vyumba viwili na jiko, pamoja na bafu ambalo choo kimo humohumo, katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Kaingia pale miaka tisa iliyopita na bafu lilikuwa hivyo hivyo. Vigae vya ukutani vilikuwa na rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai, na kila baada ya vigae vinne kimoja kina ua la kahawia ambalo sijui nani alilipenda. Mistari kati ya vigae ilikuwa myeusi. Dari ilikuwa na mabaka ya ukungu, koki ya sinki la kunawia ilidondosha mchana kutwa, na mlango ulikuwa umevimba chini kwa maji hata kuufunga ulihitaji bega. Kwenye kona, choo cha kuchuchumaa kilichofukiwa sakafuni, kama ilivyo katika nyumba nyingi za umri ule. Juu ya yote hayo balbu moja dhaifu. Ukioga unatoka na wasiwasi kama kweli umetakata.

Sasa, mama yetu. Miaka miwili kabla ya haya, mama alikwenda kumtembelea Dada, akasema atakaa mwezi mzima. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja jembe. Asubuhi ya siku ya tatu Dada alimkuta ukingoni mwa kitanda, mtandio kichwani, begi limeshafungwa.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Ila kwako hakuna pa kukaa."

Dada hakuuliza neno. Alimbebea begi mpaka stendi, akamkatia tiketi, akamnunulia maji ya njiani, akaenda kazini kama kawaida. Siku ile aliunguza kola ya shati la mteja, jambo ambalo halijawahi kumtokea kabla wala baada. Aliponisimulia jioni, alinisimulia akiwa ananipa mgongo. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, anayelipa kodi kwa jasho lake, aliyemlea binti peke yake mpaka akamwoza, kaambiwa na mama yake mzazi kwamba anapoishi hapaishiki. Nilimwambia mama kazeeka, asimtie maanani. Akasema mama hajazeeka ulimi.

Baadaye mama akaanguka. Alianguka kule kwake, uani, akasema ameteleza penye majimaji, na kaka yetu akamchukua akae naye. Miezi minane alikaa kwa kaka bila neno. Kisha kaka akahamishwa kazi, kupelekwa mbali, kwenye nyumba ya wafanyakazi isiyoruhusu ndugu, na mwisho wa mwezi uliofuata alitakiwa awe ameondoka. Tukafanya kikao kwa simu, sisi watoto watatu, mama yuko pembeni ya kaka anasikiliza. Kwangu mimi haikujadiliwa: mume, watoto watatu na mtungi wa gesi, wote chumba kimoja. Akabaki Dada.

"Tumepanga uende kwa Dada," kaka akamwambia mama, wakati hata hatujamaliza kupanga.

"Nitarudi kwangu," mama akasema.

"Peke yako? Na ulivyoanguka?"

"Nilishamwambia mwenzenu. Kwake hakuna pa kukaa."

Mara ya pili, tena hadharani. Nilisikia Dada akivuta pumzi kule upande wa pili. Nikajua anahesabu, kwa sababu kabla ya kumjibu mteja mkorofi huwa anahesabu mpaka saba.

"Mama," akasema, "nipe wiki nne. Uje ukae wiki moja, uangalie. Ukiona hapakufai, kaka atakurudisha kwako, na mimi sitasema kitu."

Mama akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali dawa chungu. Basi hapo ndipo mambo yalipofikia: ama Dada apate mama, ama mama arudi kuishi peke yake katika nyumba aliyoanguka, miaka sabini na sita, jirani wa karibu ni mwendo wa kupiga ukelele mara mbili.

Jumapili ya kwanza Dada aliniita. Alikuwa amezunguka nyumba yake, akijaribu kuitazama kwa macho ya mama. Sebule haikuwa na neno, jikoni ungeweza kulia chakula sakafuni. Alipofika bafuni alisimama.

"Ni hapa," akaniambia. "Mtu akitoka humu hatamani hata chai."

Kwanza tulikwenda kwa mwenye nyumba, fundi magari mstaafu anayekaa chini, mtu wa funguo nyingi na maneno machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bomba limepasuka?"

"Halijapasuka. Nataka kupendezesha bafu."

Mzee akafikiri. "Pendezesha. Ila usivunje, usitoboe, usibadilishe."

"Sasa nitabakiwa na nini?"

"Kusugua," akasema, akafunga mlango.

Cha mtu mavi, walisema wahenga, na sidhani kama walikuwa wanafikiria choo cha kupanga, lakini methali ilikaa vizuri. Nilimwambia Dada: unataka kumwaga jasho lako kwenye ukuta wa mtu, kesho akupandishie kodi kwa uzuri ulioutengeneza mwenyewe? Akanipa mswaki uliochakaa, akaniambia nianzie nyuma ya mlango.

Lazima nikiri kwamba yule mwanamke anajua madoa. Mimi nilianza kusugua kwa nguvu, nikatokwa na kijasho, na mstari mweusi ukabaki pale pale ukinitazama. Akanicheka. Alikuwa amechana shuka kuukuu vipande vyembamba, kavichovya kwenye siki ya moto, kisha akavibandika juu ya mistari kimoja kimoja, ukuta mzima ukawa umefungwa bandeji. "Kola ya shati huisugui mara tu unapoipokea," akasema. "Unailoweka, unaenda zako, unairudia. Doa lina kiburi. Liache kwanza lilainike." Tukakaa jikoni saa nzima tunawasengenya mawifi. Tuliporudi akabandua vitambaa, akanyunyiza magadi, akapitisha mswaki mara mbili tu, na weusi wa miaka tisa ukachuruzika mpaka kwenye kitundu cha maji. Huyo ndiye mtu aliyejua namna ya kungoja doa lilainike, na bado kwa miaka miwili hakuwahi kumpigia mama simu amuulize swali moja.

Nilimwambia hivyo Jumapili ya pili. Tulikuwa tunajaza mistari upya kwa saruji nyeupe, ameikoroga nzito kama uji wa mgonjwa, mimi naipaka kwa kipande cha plastiki, yeye anafuata nyuma na kitambaa chenye unyevu kuondoa ya ziada kabla haijashika.

"Dada, kwa nini usimuulize alimaanisha nini?"

"Tusi haliulizwi limemaanisha nini."

"Kuuliza si ujinga."

"Ni ujinga kama jibu unalo. Shika kitambaa, pitisha pale, inakauka."

Nikapitisha kitambaa. Nilitaka kubishana, lakini ukweli ni kwamba katika familia yetu hakuna anayemuuliza mwenzake kitu uso kwa uso. Baba alikuwa hivyo, mama hivyo, na sisi tumerithi. Tukiumia tunafanya kazi. Mtu akipita nyumbani kwetu akakuta vyombo vyote vimeoshwa na ua umefagiwa mara mbili, ajue kuna jambo.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya msasa na rangi. Alipiga msasa dari na mlango, akabandua rangi iliyochubuka, akapaka ya mafuta ambayo hainywi maji, mara mbili, na sehemu ya chini ya mlango akaichonga kidogo mpaka ukafunga kwa kidole. Hilo la kuchonga mlango tuliliacha bila kumjulisha mzee. Koki iliyokuwa inadondosha aliifungua mwenyewe, akakata mpira wa duara kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akauweka ndani ya koki, akaifunga. Ikanyamaza. Tukasimama tunasikiliza ule ukimya kama watu waliozimiwa redio ya jirani.

Wiki ya nne akanunua balbu nyeupe yenye nguvu, pazia la plastiki la kutenganisha pa kuogea na choo, na fimbo ya chuma yenye springi ndani, inayojibana yenyewe kati ya kuta mbili, maana kutoboa tulikatazwa. Kioo alikipata kwa mtu anayehama, akakibandika kwa gundi. Kwa yale maua ya kahawia hatukuwa na dawa. Dada akayatazama akasema, "Nyie bakini. Mwenye nyumba akiuliza, mtakuwa mashahidi kwamba sijabadilisha kitu."

Mzee alipanda kuangalia. Akasimama mlangoni, funguo zimetulia mkononi.

"Kumbe nyumba yangu ni nzuri hivi," akasema.

"Ilikuwa imejificha," Dada akamjibu.

Mama aliletwa na kaka siku ya Jumamosi, kabla ya mchana. Alishuka garini na begi dogo, lile la siku tatu, na Dada aliliona kabla hajamwona mama. Salamu zikapita, chai ikaandaliwa, mama akasifu kochi, akasifu mapazia, akamuulizia mjukuu aliyeolewa. Dada hakumpa nafasi ya kumaliza kikombe. Akamshika mkono akamvuta mpaka bafuni, sisi wengine nyuma, akawasha taa.

Bafu liling'aa. Mama aliegemea mwimo wa mlango, akapitisha kiganja juu ya vigae polepole, akagusa pazia, akatazama juu kwenye dari.

"Pamependeza," akasema. "Mwanangu, pamependeza kweli. Mikono yako hii."

Kisha macho yake yakashuka kwenye ile kona, yakabaki pale.

"Lakini pa kukaa," akasema kwa upole, "bado hakuna."

Kabla ya hapo sikuwahi kumwona Dada akishindwa kufika saba. Nadhani siku ile alifika mbili.

"Pa kukaa unapopataka wewe ni wapi, mama? Ikulu? Nimesugua mpaka kucha zimeisha! Miaka miwili nimelala na neno lako. Miaka miwili! Nikifungua mlango nasikia hapa hapakaliki, nikilala nasikia hapa hapakaliki. Kama nyumba yangu inakutia kinyaa, sema kinyaa. Kama ni mimi ninayekutia kinyaa, niambie tu!"

Mama akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kinyaa? Nani kasema kinyaa?"

"Wewe! Kwangu hakuna pa kukaa!"

"Eeh, hakuna! Sasa pako wapi?" Mama naye akapandisha sauti. "Pa kukaa, mwanangu! Kukaa!"

Na alipoona hakuna anayeelewa, mama yetu, ambaye maishani mwake hajawahi kulitamka neno choo mbele ya watoto wake, ambaye alitulea kwa "naenda kule" na "natoka kidogo", alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alishika mwimo wa mlango kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto akauweka juu ya goti, akaanza kuchuchumaa. Alishuka mpaka nusu. Goti likalia. Akabaki pale, uso umekunjamana, hashuki wala hapandi, mpaka kaka alipomdaka kwapani akamwinua.

"Umeona?" akasema, anahema. "Nikishuka, sipandi."

Kaka akakumbuka ghafla kwamba anatakiwa kuangalia upepo wa matairi, akateremka. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Ni ule mcheko unaotoka wenyewe. Dada alikalia ukingo mdogo wa pale pa kuogea, akafunika mdomo kwa kiganja.

Tulimrudisha mama kwenye kochi, na kwa kuwa lililokuwa gumu kusemwa lilikwishaonyeshwa, mengine yakatoka. Zile siku tatu za miaka miwili iliyopita hakunywa maji. Chakula alikuwa anakigusa tu, chai anaimwaga dirishani Dada akigeuka, ili asipate haja. Siku ya tatu kichwa kikaanza kuzunguka ndipo akafunga begi. Na kule kwake je? Kule kwake alikuwa amefunga kamba kwenye boriti ya choo cha uani, anaishika anaposhuka, anaivuta anapopanda. Hakuna majimaji yoyote yaliyomtelezesha. Ni kamba iliyokatika.

"Sasa ulitaka kurudi kwenye kamba?" nikamuuliza.

"Nimeshanunua nyingine," akasema. "Nene."

Watoto watatu tuliosomeshwa. Kwa kaka kulikuwa na choo cha kukaa, kwa hiyo miezi minane yote hatukuona kitu, na tulipokaa kumpangia mama maisha yake tulijadili nauli, godoro, dawa za presha na nani atamlipia simu. Magoti ya mama hayakutajwa. Nimeona haya kwa mengi maishani, lakini haya ya siku ile ndiyo yaliyonikaa zaidi. Dada alikuwa amebisha hodi kwenye mlango uliokuwa sahihi kabisa, bafu lilelile, ila alikuwa ameng'arisha kila kitu isipokuwa kile alichoombwa.

"Mama, kwa nini hukusema choo?" Dada akauliza, sauti imekwisha.

"Nilisema pa kukaa. Unataka nikuchoree?"

Jioni ile ile, jua halijazama, tulikuwa kwa seremala wa mtaa wa pili. Kuvunja hatukuruhusiwa, kubadilisha hatukuruhusiwa, lakini mzee hakutukataza kuleta kiti. Seremala alisikiliza bila kucheka, akatoa penseli sikioni.

"Kiti cha mbao, chenye mikono, nikitoboe katikati. Kinasimama juu ya sinki la choo, kikitakiwa kuondolewa kinabebwa. Nitakipaka vanishi pande zote kisinywe maji, na miguuni nitaweka mpira kisiteleze. Anatumia mwanamke au mwanamume?"

"Mama yetu."

"Nileteeni urefu kutoka unyayo mpaka goti, na upana wa paja akiwa amekaa. Nisipopata vipimo nitamtengenezea kiti cha mtu mwingine."

Kumpima mama ilikuwa vita ya pili. Alikubali kwa sharti kwamba fundi aambiwe ni kiti cha kukalia barazani. Dada akapiga magoti mbele yake na utepe wa kupimia nguo, akaanza kusoma tarakimu, mimi naandika kwenye kiganja. Alipofika kwenye goti alilishika kwa mikono yote miwili. Lilikuwa limevimba na lilikuwa la moto. Akalishikilia muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji. Mama akatazama dirishani, akamwacha.

Kiti kilikuja Jumanne. Kwa haja kinakaa kwenye kona, kwa kuoga kinasogezwa hatua moja mpaka upande wa pili wa pazia, na mtu anajimwagia maji ameketi kama malkia. Mwenye nyumba alipanda tena, maana harufu ya vanishi ilimfikia. Dada akawahi kusema: "Hatujavunja, hatujatoboa, hatujabadilisha." Mzee alikitazama kile kiti kwa makini, akakijaribu kwa mkono, kisha akauliza taratibu, bila kututazama, kwamba huyo seremala anapatikana wapi.

Mngedhani basi, mambo yameisha. Mimi nilidhani hivyo. Lakini Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita, mama anakula vizuri, anakunywa maji, anaoga asubuhi na jioni, na bado begi dogo lilikuwa limesimama kando ya kitanda, zipu imefungwa. Kila anachotoa asubuhi alikirudisha jioni. Kaka alikuwa aje Jumamosi kuchukua jibu. Dada aliliona begi lile kila siku, na kila siku akaenda kazini akanyoosha mashati ya watu bila kusema.

Ijumaa alirudi mapema. Nilikuwepo, tumekaa na mama tunachambua mchele kwenye ungo. Dada hakuvua hata viatu. Akavuta kigoda akakaa mbele ya mama, karibu sana, magoti kwa magoti.

"Mama, nakuuliza. Utabaki?"

Mkono wa mama ukasimama juu ya mchele. Nilitamani kuondoka, lakini ungo ulikuwa mapajani mwangu.

"Kiti ni kizuri," mama akasema.

"Sikuulizi kiti."

Mama akaokota kijiwe, akakitazama, akakiweka pembeni. Dada hakumsaidia, hakumjazia neno mdomoni, alingoja tu, mikono mapajani.

"Kile ni kiti cha magoti," mama akasema mwishowe. "Magoti ndiyo yaliyotangulia. Itafika siku mikono nayo itagoma. Siku hiyo nitahitaji mtu wa kunisafisha, mwanangu. Kunisafisha kama mtoto. Nani atafanya?"

"Mimi."

"Utachoka."

"Nitachoka."

"Utanikasirikia."

"Nitakukasirikia, mama. Hata sasa nakukasirikia. Ulimwaga chai yangu dirishani siku tatu." Hakugeuza uso. "Nitakasirika, nitanuna, nitakusafisha. Naogopa pia. Lakini kinachonitisha zaidi ni wewe kule na kamba."

Mama alikuwa analia, bila kelele, na hakujifuta. Sikuwahi kumwona akiacha machozi yaonekane. Mimi nilikuwa nalia kitambo, tangu kwenye "mimi".

"Nipe simu," mama akasema.

Dada akampigia kaka, akampa. Mama aliishika kwa mikono miwili na kupaza sauti, kama wafanyavyo wazee wote, ili ifike huko inakokwenda.

"Kesho usije na gari tupu. Niletee begi kubwa. Na godoro langu, la kwake linazama. Na ile picha ya baba yenu." Akasikiliza. "Ndiyo, huku huku. Kwa binti yangu." Akasikiliza tena, na tulisikia sauti ya kaka ikiuliza ilikuwaje, si siku zote alikuwa anakataa?

"Siku zote mlinipangia," mama akasema. "Leo nimeulizwa."

Kisha akamnyooshea Dada mkono, ili amwinue.